Volkswagen ya Mama Mkwe

Wewe unayeishi na mke, watoto, mama mkwe, pamoja na shemeji aliyekuja kwa wikiendi moja na mpaka leo yupo, haya nakueleza wewe kwa sababu ndiye utakayenielewa. Asiye na familia ataniuliza kwa nini sikulitia kufuli lile kabati. Wewe hutaniuliza. Unajua kwamba nyumba yenye watoto haina kufuli, ina vitu ambavyo bado havijagunduliwa.

Habari yenyewe ni ya magari ya Lego. Sisemi yale matofali ya rangi rangi yanayomwagwa kwenye beseni mtoto akajenga kitu anachokiita ndege. Nasema magari makubwa ya kuunganisha, yanayotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, yanayolifuata gari halisi mpaka kwenye plagi. Kampuni ni ya kule Billund, Denmark, ilianzishwa na seremala mmoja, Ole Kirk Christiansen, mwaka 1932. Tofali tunalolijua leo lilipata hataza mwaka 1958, na tofali la mwaka huo linashikana vizuri kabisa na tofali lililotoka kiwandani jana. Mimi kitu kilichotengenezwa kwa adabu ya namna hiyo nakiheshimu.

Sasa, seti ya gari huuzwa madukani miaka michache, kisha kampuni inaiondoa. Ikishaondolewa, imetoka. Aliyenunua ndiye anayo, na anayeitaka inabidi amfuate aliye nayo. Watafiti wawili wa chuo cha HSE cha Moscow, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, waliwahi kukaa na bei za seti 2,322 zilizotoka kati ya 1987 na 2015, wakakuta kwamba kwa wastani seti hizi humpa mwenye nazo faida ya asilimia 11 hivi kwa mwaka au zaidi, na kwamba bei huanza kupanda miaka miwili mitatu baada ya seti kuachwa kutengenezwa. Zipo zilizopanda kwa asilimia 600, zipo pia zilizopoteza nusu ya thamani. Kwa hiyo si kila boksi ni mali. Lakini gari lenye jina, gari ambalo watu wazima walilipenda wakiwa watoto, lina wateja wake.

Na sisi tunaishi Coventry. Huu mji magari ndiyo yaliyoulisha. Jaguar na Triumph zilitengenezwa hapa, na ukienda mwendo mfupi tu upande wa magharibi unafika Solihull, kiwanda kilichotoa Land Rover tangu 1948. Kwenye kituo cha basi unaweza kukaa jirani na mzee aliyefunga milango ya magari maisha yake yote, na ukimwuliza atakueleza mlango mmoja mmoja. Mtu anayependa magari akiishi hapa anazidi kuyapenda. Basi nikaanza kununua, moja moja, kila nafasi ilipopatikana: basi la Volkswagen la kambi, lililotoka 2011, vipande 1,334, Mini Cooper ya kijani yenye paa jeupe, ya 2014, vipande 1,077, Ferrari F40 ya 2015, na Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ya buluu, iliyotoka 2016 ikiwa na vipande 1,167. Yote kwenye maboksi yake, hakuna lililokatwa gundi.

Hapo ndipo lilipo suala zima, ndugu yangu. Mnunuzi wa vitu hivi haangalii gari, anaangalia boksi. Anataka gundi ya kiwandani iwe haijaguswa, kona ziwe nne na zimesimama, kadibodi isiwe imenyonya unyevu wala kuchujuka kwa jua. Boksi likibonyea, na bei inabonyea. Gari lililofunguliwa bado linauzwa, hasa likiwa na vipande vyote na kijitabu chake, lakini halifikii lile ambalo halijawahi kupigwa na hewa.

Mke wangu namwita Mama Risiti, na anajua. Hajawahi kutupa risiti. Ana bahasha ya birika ambalo hata watoto hawakulikuta. Siku alipoona boksi la pili linaingia, alilipokea mlangoni.

"Baba Nasra, haya ni midoli?"

"Ni magari."

"Ya kuchezea?"

"Ya kuweka."

"Kuweka mpaka lini?"

"Mpaka yapande bei."

"Na hawa watoto waangalie picha?"

Nikanyamaza. Yako maswali ya Mama Risiti ambayo ukiyajibu umefungua faili, na mafaili yake hayafungwi.

Basi la kambi ndilo lililotangulia kupata msiba. Nililiweka stoo, chini ya ngazi, mahali pakavu pasipofika jua. Kumbe kwenye duka la Wahindi mchele wa basmati ulikuwa na punguzo, na Mama Risiti hapitwi na punguzo. Alileta gunia la kilo 20. Stoo ina rafu ya masufuria, rafu ya mashuka, na sakafu iliyojaa viatu vya Shemeji Kesho, ndugu yake, ambaye kila ukimwuliza lini ataviondoa anakujibu kwa jina lake. Mahali palipobaki wazi ni juu ya boksi langu. Nilipokuja kugundua, tulikuwa tumeshakula robo ya gunia na kifuniko cha boksi kilikuwa kimezama ndani, ile picha ya basi jekundu na jeupe ikiwa imekunjika katikati ya kioo cha mbele.

Nikamwita. Akaangalia. Akainama, akapapasa gunia kwanza.

"Mchele uko salama," akasema.

"Na gari?"

"Baba Nasra, mchele tunakula. Hilo gari tunalila?"

Nakuuliza wewe msomaji, hapo unajibu nini? Tena alikwenda akaleta risiti ya mchele, akanionyesha ameokoa pauni ngapi, na ni kweli alikuwa ameziokoa.

Niseme kidogo kuhusu uimara wa vitu hivi, maana kadibodi ndiyo iliyoumia, tofali halikuumia hata kidogo. Plastiki yake inaitwa ABS, na kampuni imekuwa ikiitumia tangu 1963. Mwaka 2012, Chuo Kikuu Huria cha hapa Uingereza kilibana tofali dogo la vifundo vinne kwenye mashine ya kupima uimara, likahimili takriban kilo 430 kabla ya kukubali. Mama Risiti alipopata habari hiyo aliichukulia kuwa ni hukumu, kwamba magunia mengine yanaweza kuongezwa. Mimi naikumbuka kila alfajiri ninapotoka kutawadha gizani, maana kisigino cha binadamu hakijatengenezwa kwa ABS, na mtoto wetu wa mwisho, Sumaku, hakuna anachokishika akakirudisha kilipotoka. Kwa ajili yake nilikuwa nimepandisha maboksi yaliyobaki juu, kwenye kabati la chumba cha wageni. Kipande kidogo na mtoto wa umri ule havikai chumba kimoja, hilo silifanyii mchezo.

Chumba cha wageni kikapata mgeni. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kwa viza ya matembezi, ile inayomruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Mimi kwa siri, tena kwa mapenzi, namwita Bi Forodha. Hakuna mfuko unaoingia kwake bila kukaguliwa. Mkoba wa shule wa Fundi Nati, mtoto wetu wa kati, aliufungua siku ya kwanza akatoa humo maganda ya ndizi ya muhula uliopita. Friji aliipanga upya. Mimi mwenyewe nikirudi kutoka shifti ya usiku anauliza chakula nilichobeba kimebaki kiasi gani, na kwa nini. Akija kwako mwanamke wa namna hii, furahi, nyumba inanyooka. Ila usiwe na kabati lenye siri.

Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka sanduku lake. Akafungua kabati, akakuta maboksi matatu. Mini akaipita. Ferrari akaipita. Mbele ya Volkswagen akasimama. Haya nayasimulia kama alivyonieleza Wakili, binti yetu mkubwa, ambaye alikuwepo na ambaye ushahidi wake huwa kamili mno. Anasema bibi yake alilishusha boksi kwa mikono miwili, akaketi nalo kitandani, akalipapasa picha.

"Gari la babu yenu hili," akasema.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa nayo Volkswagen kama ile. Mimi niliikuta picha tu, imening'inia sebuleni Tanga, yeye kaegemea bawa la tairi kavaa suruali pana. Zamani hizo gari hili lilikuwa na heshima kubwa kwetu Afrika Mashariki. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, madereva walipita kwenye tope na mawe ambayo yangevunja gari lolote, na Volkswagen hii hii ikashinda 1954, ikashinda tena 1962. Haikuwa na rejeta ya kuchemka, injini yake inapozwa kwa hewa. Fundi wa kijijini aliweza kuishusha akaipandisha siku hiyo hiyo. Dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kwenye kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003. Kwa hiyo hata gari lenyewe, si la Lego tu, lilishaachwa kutengenezwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kulitafuta.

Nilirudi asubuhi. Ukiwa na familia unajua kusikiliza mlango wa nyumba yako kabla hujaufungua. Watoto walikuwa kimya. Nyumba yetu watoto wakiwa kimya jambo limeshatokea.

Meza ya kulia chakula ilikuwa imetandikwa kitambaa cha Idi. Boksi lilikuwa chini, limekatwa kwa kisu cha vitunguu, tena kwa mkato ulionyooka. Bi Forodha amejifunga kanga kifuani, miwani puani, mbele yake ungo aliokuja nao kutoka Tanga, na ndani ya ungo vipande vya buluu, vyeupe, vya kijivu na vyeusi, anavichagua kama anavyochagua mchele, kidole kinaruka, vidogo huku, virefu kule. Fundi Nati ameshika kijitabu. Wakili anahesabu. Shemeji Kesho amelala kwenye kochi, mkononi kashika gurudumu moja alilokabidhiwa alitunze.

Kwetu mkwe hakemewi. Unaweza kuwa umeunguliwa na nyumba, utaanza na salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi ulijua injini wameiweka nyuma?"

"Najua mama."

"Basi hawa watu wanajua. Njoo uone."

Nikaenda kuona. Nataka nikueleze nilichokiona, maana mwaka mzima nilikuwa nimekaa na picha yake tu. Injini ina silinda zake nne, ndogo, unaweza kuifunika kwa kidole gumba, imekaa pale pale inapokaa kwenye gari la kweli. Mbele, ukiinua boneti, unakuta tangi la mafuta na tairi la akiba. Viti vya mbele vinalala mtu apite nyuma. Mistari ya paa inashuka kwa mviringo, na ule mviringo umepatikana kwa vipande vilivyonyooka, vimelazwa kwa mahesabu. Aliyebuni gari hili alilipenda.

Na jambo jingine lililonipa raha ni kijitabu. Maelekezo yake hayana maneno. Ni picha tu, hatua kwa hatua, na mifuko imeandikwa namba, ukimaliza wa kwanza unafungua wa pili. Bi Forodha hajui Kiingereza zaidi ya kukataa chai isiyo na sukari, lakini kijitabu kile alikisoma vizuri kuliko sisi sote. Mara mbili alimrudisha Fundi Nati nyuma. "Rudisha ukurasa, umeruka." Na kweli alikuwa ameruka. Fundi Nati ana mikono mizuri ila haraka yake ni ya baba yake mdogo.

Wakili hakuacha nafasi ipite. "Baba, usikasirike. Wewe ndiye uliyetwambia kitu kisichotumika ni uchafu." Nililisema hilo kuhusu viatu vya mjomba wake, stoo, mwezi uliopita, na ndiyo maana sizungumzi mbele ya mtoto huyu kwa uzembe.

Nikavua koti, nikakaa. Mama Risiti akaleta chai na mikate ya kumimina. Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni muda wote, ameshika ile bahasha yake, na nadhani alikuwa amejiandaa kwa hoja ya risiti. Hakuihitaji. Mama yake alikuwa anacheka, na kucheka kwake tulikuwa hatujakusikia tangu msiba.

Ubishi ulikuja kwenye paa. Seti hii ina keria, na juu ya keria kampuni imeweka ubao wa kutelezea mawimbini na kijisanduku cha vinywaji baridi. Bi Forodha akauangalia ule ubao.

"Hiki nini?"

"Ubao wa kuchezea baharini, bibi."

"Babu yenu hakuwa mtu wa kucheza baharini. Toa. Hapa palikaa machungwa ya Muheza."

Ikawa msako wa machungwa. Fundi Nati akamwaga beseni lake la matofali ya zamani, wakachambua vile vipande vidogo vya duara vya rangi ya chungwa, vyenye kifundo kimoja, wakavipanga kwenye keria tabaka juu ya tabaka. Bibi akasema yamepungua, babu hakupakia hivyo, alipakia mpaka polisi wanamsimamisha. Wakaongeza. Kioo kimoja cha taa kilikosekana, tukafungua mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi, tukachambua vumbi la nyumba nzima juu ya gazeti, hatukukipata. Kilikuwa kwenye soksi ya Sumaku, alikuwa anatembea nacho.

Ukiniuliza kuhusu bei, ndiyo, bei ilikatwa kwa kile kisu cha vitunguu. Na nakwambia, mimi ni mtu ninayejua bei ya kila seti niliyonunua, lakini gari la marehemu haliwezi kukaa kabatini mjane wake akilala kando yake bila kujua. Hili silioni kuwa na upande wa pili.

Ferrari iliondoka kwa njia nyingine. Mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha magari aliitaka kwa siku nyingi, na alikuja siku ambayo boila letu lilikuwa limekufa na nyumba ni baridi. Nilikuwa nimeshafikiria bei. Bi Forodha akasema mgeni hazungumzi biashara kabla hajala, akamwekea vitumbua, kisha akachukua mazungumzo mkononi mwake, Wakili akitafsiri. Wakili hatafsiri tu, anaongezea vifungu. Bei iliyofikiwa ilizidi niliyonunulia, na ilizidi pia ile niliyokuwa tayari kuipokea. Mzee aliondoka ameridhika, boksi kwapani na vitumbua kwenye karatasi ya foili. Pesa ilikaa mfukoni mwangu mpaka fundi wa boila alipopiga kengele. Risiti yake unajua iko wapi.

Bi Forodha alipofungasha kurudi Tanga, Volkswagen aliibeba mkononi, ndani ya sufuria yenye kifuniko, imezungushiwa kanga mbili. Ilifika nzima. Sasa iko sebuleni chini ya ile picha, wajukuu wa huko wanaruhusiwa kuiangalia, na yupo mmoja, mwenzake Sumaku, ambaye hakuishia kuangalia. Juzi simu imeingia, picha na sauti pamoja.

"Baba Nasra mwanangu, bampa la mbele limetoka, na mlango wa kulia, na machungwa yamebaki saba. Itafutie fundi."

Fundi ni mimi. Kuna soko la mtandaoni la BrickLink, ambalo Lego yenyewe ililinunua mwaka 2019, unaweza kununua kipande kimoja kimoja kwa umbo na rangi yake kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali. Nimekaa hapa na orodha. Buluu yake ina jina lake maalumu, ukikosea kivuli kidogo tu Bi Forodha ataona. Mama Risiti amesogeza kiti, anafuatilia gharama ya posta. Na Fundi Nati, aliyekuwa ametulia pembeni muda mrefu, ameuliza kama Mini Cooper iliyobaki kule juu nayo ilikuwa ya mtu wa ukoo wetu, maana Shemeji Kesho anasema anakumbuka, tena vizuri sana, kwamba yupo mjomba wao wa Pangani.